Kufuma blanketi la zigizaga kwa kroshia: mwongozo kamili, kuanzia cheni ya kwanza hadi ukingo

Karibu kila ukoo una mtu anayejua kroshia. Ndiye aliyefuma vitambaa vya makochi, kile cha juu ya televisheni na kile cha kufunikia chakula mezani. Mtu huyo tayari ana mkono wa kufuma blanketi. Kinachomrudisha nyuma ni ukubwa wa kazi na zile pembe za zigizaga zinazopanda na kushuka, ambazo kwa macho zinaonekana zinahitaji fundi wa kipekee. Hazihitaji. Blanketi zima ni stichi moja inayorudiwa, pamoja na hesabu ndogo ambayo mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Ukiishika hesabu hiyo, pembe zitajipanga zenyewe.

Nawaandikia pia wanaoanza kabisa, mradi wakubali kufuma sampuli kabla ya kununua uzi wa blanketi lote. Na kwa mnaoishi Njombe, Makete, Lushoto au Limuru, ambako Juni na Julai baridi huingia hadi mifupani, anzeni mapema. Blanketi la kitanda si kazi ya wiki moja.

Hesabu iliyomo ndani ya zigizaga

Kitambaa kilichonyooka kina idadi ileile ya stichi katika kila mstari. Zigizaga nayo ni hivyohivyo. Tofauti ni kwamba ndani ya mstari kuna mahali unapofuma stichi tatu kwenye tundu moja, na mahali pengine unapounganisha stichi tatu zikawa moja. Pale ulipoongeza, kitambaa kinasukumwa juu na kuwa kilele. Pale ulipopunguza, kinavutwa chini na kuwa bonde. Kati ya kilele na bonde kuna stichi tano za kawaida.

Kwa hiyo wimbi moja lina stichi 14: tatu za kilele, tano za kushuka, moja ya bonde na tano za kupanda. Kilele kimeongeza mbili, bonde limeondoa mbili, na jumla haibadiliki. Hapa ndipo penye kazi yote. Karibu kila kosa utakalokutana nalo, ukilifuatilia hadi chanzo chake, utakuta ni kilele au bonde lililosahaulika.

Ukiongeza tu bila kupunguza, kitambaa hakitalala tena, kitajikunja pembeni kama jani la sukuma wiki. Mwaka 1997 Daina Taimiņa, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alitumia tabia hiyohiyo ya kroshia kufuma vielelezo vya jiometri ya hipaboliki, yaani ya nyuso zinazojikunja hivyo kila mahali, ili wanafunzi waishike mikononi. Nalitaja hilo kwa sababu wafumaji wengi hudhani hesabu ni mambo ya watu wengine, ilhali vidole vyao vinaifanya kila siku.

Uzi na sindano

Tumia uzi wa sweta wa unene wa kati. Ingawa wengi tunauita uzi wa sufu, sehemu kubwa ya uzi unaouzwa madukani ni akriliki, na kwa blanketi akriliki inafaa sana: ni nyepesi, inafulika, haiwashi ngozi na bei yake inavumilika. Kama donge halina lebo, kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sinia na ukichome. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sufu halisi hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini.

Nunua kwa uzito, si kwa idadi ya madonge, maana donge moja laweza kuwa na gramu 25, 50 au 100. Blanketi la mtoto la sentimita 80 kwa 100 hula takriban gramu 400 hadi 500. La kitanda, upana wa sentimita 160 na urefu wa mita mbili, lipangie kati ya kilo moja na nusu na kilo mbili, kwa kutegemea unavyokaza mkono.

Kama lebo ina namba ya bechi, yaani ya kundi la uzi uliotiwa rangi kwa pamoja, isome. Nyekundu ya bechi moja na nyekundu ya bechi nyingine zinaweza kufanana dukani kisha zikatofautiana vibaya zikiwa juani. Rangi itakayotawala blanketi inunue yote kwa mara moja. Rangi zitakazotokea kidogo unaweza kuziongeza baadaye.

Sindano ya kroshia, ambayo kuanzia hapa nitaiita kroshia tu, iwe ya milimita 5. Namba huwa imechapwa kwenye mpini. Zile nyembamba za chuma tunazofumia vitambaa vya makochi, za milimita moja au mbili, hazifai hapa. Zitakupa kitu kigumu kama zulia na kukuumiza kiganja. Ongeza mkasi, futi ya fundi cherehani, na shazia ndogo ya kufichia ncha za uzi.

Rangi

Hapa ndipo watu wengi huharakisha, na ndipo ningependa utulie zaidi. Zigizaga huonekana kwa sababu mstari mmoja unatofautiana na jirani yake. Rangi mbili nzuri zenye kiza kinacholingana, kwa mfano nyekundu iliyokolea na kijani kilichokolea, zikikaa pamoja pembe zake humezana na ukiwa mbali huoni wimbi lolote.

Kuna njia ya uhakika ya kupima. Panga madonge yako mezani, yapige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Madonge mawili yakigeuka kijivu kimoja, usiyaweke jirani. Weka katikati yake rangi nyepesi kama maziwa au manjano. Hili lifanye kabla ya kutoka dukani ukiweza.

Rangi tano zinatosha. Mpango ninaoupenda kuliko yote ni rangi nne zinazotoka kwenye giza kwenda kwenye mwanga, mathalani buluu nzito, buluu ya bahari, kijani cha majani machanga na manjano, kisha mistari miwili ya nyeupe, halafu unaanza upya. Anayetaka kitu kikali chenye rangi chache aangalie imigongo ya Rwanda, ile michoro inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe, yenye asili yake Gisaka mashariki mwa nchi. Nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo, basi, na bado jicho halichoki. Rangi hizo tatu kwenye zigizaga hukaa vizuri mno.

Stichi unazohitaji

Cheni: funga kitanzi cha kuanzia kwenye kroshia, zungusha uzi juu ya kroshia, uvute upite ndani ya kitanzi.

Stichi fupi, ambayo tutaitumia ukingoni tu: choma kwenye tundu, vuta uzi, utakuwa na vitanzi viwili. Zungusha uzi, vuta upite vyote viwili.

Stichi ndefu, ndiyo blanketi lenyewe: zungusha uzi kwanza, choma, vuta uzi, utakuwa na vitanzi vitatu. Zungusha, vuta upite viwili. Zungusha tena, vuta upite viwili vilivyobaki.

Stichi ya bonde, yaani tatu zinazounganishwa: anza stichi ndefu lakini usiimalize; ukishapita vitanzi viwili vya mwanzo, acha. Fanya hivyo kwenye tundu linalofuata, na kwenye la tatu. Sasa una vitanzi vinne kwenye kroshia. Zungusha uzi, vuta upite vyote vinne kwa mara moja.

Tahadhari kwa wanaojifunza kwa video: stichi ndefu hii Wamarekani huiita dabo, na Waingereza huiita trebo. Dabo ya Waingereza ni stichi fupi. Ndiyo maana watu hufuata maelekezo neno kwa neno na kitu kikatoka nusu ya kimo. Kabla ya kufuata video yoyote, tazama mkono wa mfumaji: akizungusha uzi kabla ya kuchoma, na akavuta mara mbili kupita vitanzi viwili viwili, ni stichi ndefu.

Wanaotumia mkono wa kushoto wafuate maneno yaleyale, ila mstari utakwenda upande wa pili.

Sampuli

Fuma cheni 32. Fuata mstari wa kwanza na wa pili kama nilivyoeleza hapa chini, kisha rudia wa pili hadi ufikishe mistari minane. Utapata kipande chenye mawimbi mawili. Kilaze mezani bila kukivuta, pima upana wake wote na ugawe kwa mbili. Pima pia kimo cha mistari minane na ugawe kwa nane.

Tuseme wimbi lako lina sentimita 9. Kitanda cha futi nne kwa sita kina upana wa karibu sentimita 122, na unataka blanketi lining'inie kila upande, kwa hiyo tafuta sentimita 160 hivi. Mawimbi 18 yatakupa 162. Kwa mtoto, mawimbi 9 yatakupa 81. Mkono wako ukitoa wimbi la sentimita 8 au 10, idadi itabadilika, ndiyo sababu siwezi kukupa namba moja ya kufuata kwa macho yaliyofumbwa.

Angalia pia kipande kinavyoshuka mkononi. Kikisimama kama kadibodi, panda hadi kroshia ya milimita 5.5 au 6.

Cheni ya msingi

Zidisha mawimbi yako kwa 14, kisha ongeza 4. Mawimbi 9 ni cheni 130. Mawimbi 18 ni cheni 256.

Fuma cheni hii kwa kroshia kubwa kidogo kuliko utakayoendelea nayo, kwa mkono uliolegea. Cheni iliyokazwa hukunja ukingo wa chini wa blanketi zima na hakuna kufua kutakakoirekebisha. Kila ukifikisha cheni 14, funga kipande kifupi cha uzi wa rangi nyingine pale. Kuhesabu alama 18 ni rahisi kuliko kuhesabu cheni 256 huku mtu anakuita jikoni. Halafu ongeza cheni kumi za akiba. Zikibaki, mwishoni utafungua fundo la kuanzia na kuzifumua zile za ziada bila kugusa kazi.

Mstari wa kwanza

Ruka cheni tatu zilizo karibu na kroshia. Hizo zinahesabika kuwa stichi ndefu ya kwanza. Fuma stichi ndefu moja kwenye cheni ya nne. Sasa una stichi mbili juu ya cheni moja, nazo ni nusu ya kilele cha ukingoni.

Kisha:

stichi ndefu moja moja kwenye cheni tano zinazofuata;
unganisha cheni tatu zinazofuata kuwa bonde;
stichi ndefu moja moja kwenye cheni tano;
stichi ndefu tatu kwenye cheni moja, yaani kilele.

Rudia hizo nne hadi wimbi la mwisho. Wimbi la mwisho halina kilele kizima: ukishafuma tano za kupanda, fuma stichi mbili kwenye cheni ya mwisho, basi.

Hesabu. Idadi ya stichi iwe mawimbi mara 14, ongeza 1. Sampuli ya mawimbi mawili ina 29, blanketi la mawimbi 9 lina 127, la 18 lina 253. Mstari huu ndio mgumu kuliko yote, na pembe zake bado hazionekani vizuri. Usikate tamaa nao. Ukikosea hapa, fumua. Mistari inayofuata yote inasimama juu ya huu.

Mstari wa pili na yote inayofuata

Geuza kazi. Fuma cheni tatu, zinazohesabika kuwa stichi ndefu ya kwanza, kisha fuma stichi ndefu moja kwenye tundu lilelile la ukingoni. Endelea na mpangilio uleule: tano, bonde, tano, kilele. Malizia kwa stichi mbili kwenye cheni ya tatu ya zile cheni za kugeuzia za mstari wa chini.

Kuanzia hapa huhitaji tena kuhesabu kwa nguvu, kwa sababu mstari wa chini unakuonyesha. Ukifika kwenye kilele, kuna stichi tatu zilizotoka tundu moja. Ile ya kati ndiyo inayopokea tatu mpya. Ukifika bondeni, ile stichi iliyounganishwa lazima iwe ya katikati kati ya tatu unazounganisha sasa, moja kabla yake na moja baada yake. Kilele kikikaa juu ya kilele na bonde juu ya bonde, umepatia. Kikisogea hata kwa tundu moja, simama hapohapo utafute. Baada ya mistari mitano hivi vidole vitakuwa vimezoea, na unaweza kufuma huku mnaongea.

Kwa kawaida tunachoma chini ya nyuzi zote mbili za juu ya stichi. Ukichoma uzi wa nyuma pekee katika kila stichi, blanketi litapata mifereji inayofuata mawimbi, na litavutika zaidi. Mimi nashauri njia hii kwa blanketi la rangi chache, maana kivuli cha mifereji huongeza uhai. Kwa la rangi nyingi, njia ya kawaida inatosha.

Kubadilisha rangi

Rangi hubadilishwa kabla ya mstari kuisha, si baada. Kwenye stichi ndefu ya mwisho, vitanzi viwili vikibaki kwenye kroshia, achia uzi wa zamani, shika mpya na uvute mpya upite vitanzi hivyo viwili. Geuza, na cheni tatu za mstari mpya zitakuwa tayari za rangi mpya. Acha ncha ya sentimita 15 kwa kila uzi. Fupi kuliko hapo itachomoka baada ya kufuliwa mara chache.

Badilisha kila baada ya mistari miwili, minne au sita. Idadi ikiwa shufwa, mabadiliko yote yatatokea upande mmoja na ncha zote zitakuwa ukingo mmoja. Ukiwa na rangi mbili au tatu tu za mistari miwili miwili, huna haja ya kukata. Uache uzi ukipanda ukingoni hadi zamu yake, bila kuukaza. Ncha zilizokatwa zifiche mapema, kila baada ya mistari kumi hivi: pitisha shazia ndani ya stichi za rangi yake sentimita tano, kisha rudi nyuma upitie njia tofauti kidogo. Blanketi limeisha na ncha 80 zinakusubiri ni kishawishi cha kuliweka kabatini miezi mitatu.

Mambo yakienda kombo

Upande mmoja wa blanketi unaingia ndani: umesahau stichi mbili za mwisho, au umeruka zile cheni za kugeuzia. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, kwa kuwa cheni za kugeuzia hazionekani kama stichi. Funga uzi wa alama kwenye cheni ya tatu kila unapogeuza, hadi jicho lizoee.

Ukingo unatanuka: umefuma tatu mahali pa mbili. Kitambaa kinavimba katikati na hakilali: kuna bonde lililosahaulika mistari michache chini. Lifuate, fumua hadi pale. Najua inauma kufumua mistari minne ya stichi 253, lakini kosa la zigizaga halijifichi. Kila mstari mpya unalikuza.

Matundu makubwa kwenye mabonde: vuta vitanzi vyako viwe vifupi zaidi unapounganisha, na kaza kidogo stichi inayofuata. Mkono ukianza kuuma, badilisha ushikaji. Kroshia inaweza kushikwa kama kalamu au kama kisu, na kuhama kati ya hivyo viwili hupumzisha kiganja.

Ukingo na kufua

Juu na chini, usizinyooshe pembe; ukingo uzifuate zilivyo. Ndio uzuri wake. Pande mbili ndefu ndizo zinazouhitaji ukingo zaidi, ili kuficha ncha na mabadiliko ya rangi. Chagua rangi moja, nzuri zaidi ile iliyokolea. Zungukia blanketi lote kwa stichi fupi: pembeni, stichi fupi mbili kwa kila mstari mmoja wa stichi ndefu; kwenye pembe nne za blanketi na kwenye kila kilele, tatu kwenye tundu moja; kwenye kila bonde, ziunganishe tatu kuwa moja. Zungukia mara mbili. Pembeni pakianza kukunjamana, umeweka stichi nyingi mno; pakivutika, chache mno.

Ikiwa blanketi ni la mtoto mchanga, kagua kila ncha, kwani uzi uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole chake. Na kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, madaktari wanashauri asilazwe peke yake na blanketi lililo huru. Mfunike ukiwa umempakata au ukimtazama.

Kabla ya kulifua mara ya kwanza, lowesha kitambaa cheupe na ukisugue kwenye rangi nzito, hasa nyekundu na nyeusi. Kikishika rangi, tumia maji baridi na usiloweke. Fua kwa mkono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, usikamue kwa kusokota. Likunje ndani ya taulo, likandamize, kisha lilaze juu ya mkeka kivulini. Ukilitundika kwenye kamba likiwa limejaa maji, uzito wake utalivuta na mawimbi ya juu yatanyooka. Akriliki usiipige pasi. Joto huulegeza uzi ukabaki bapa, na haurudi tena.

Bakiza mita chache za kila rangi kwenye mfuko, pamoja na lebo zake. Siku stichi ikikatika, utakuwa na uzi wa bechi ileile wa kuirekebishia.